Zabibu Ikipata Uenyeji

Siku ya mahari ya binti wa jirani yetu hapa Kapata, Kolwezi, mezani palikuwa na Simba, palikuwa na Tembo, na katikati ya bia hizo palisimama chupa moja ya divai nyeupe iliyoletwa na upande wa bwana harusi. Ilitoka Constantia, karibu na Cape Town, ikapanda lori, ikakata Zambia nzima na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kama unga na sabuni zetu zinavyovuka. Mzee mmoja, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, aliivuta karibu, akavaa miwani, akasoma maandishi ya nyuma taratibu, kisha akaweka kidole juu ya neno moja.

"Mwalimu, hii neno njo nini?"

Neno lenyewe lilikuwa terroir. Kifaransa cha kazini mzee anakijua vizuri, na terroir aliyozoea kuisikia ni ya kijijini kwa mababu, ngoma na desturi za kwao. Kuikuta kwenye chupa kulimshangaza. Nikamjibu upesi kwamba maana yake ni udongo. Akanitazama kwa muda.

"Njo kusema, bulongo iko naingia mu divai?"

Hakuuliza kwa mzaha. Huyu ni mtu aliyekula maisha yake akitenganisha udongo wenye kitu na udongo mtupu, na hapa Kolwezi tofauti hiyo ndiyo iliyojenga nyumba tunazokaa na ndiyo iliyobomoa nyingine. Alitaka jibu la kweli. Mimi nilikuwa nimempa nusu, nayo nusu mbaya. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze na neno. Terroir, ambalo kwa matamshi yetu linaandikika terua, mizizi yake ni Kilatini, territorium, yaani eneo la ardhi. Kwa wakulima wa mizabibu maana yake imejaa kuliko hapo. Ni jumla ya mambo yanayofanya kinywaji cha mahali pamoja kisifanane na cha mahali pengine, hata kama mbegu ni ileile: jiwe lililo chini, mteremko wa shamba, maji yanavyokaa au kukimbia, upepo, mawingu, baridi ya usiku, na mazoea ya watu wanaopogoa na kuvuna. Ukiondoa moja, ladha inahama. Udongo ni kiungo kimoja tu, na kwa bahati mbaya ndicho kinachoonekana, ndiyo maana kila mfasiri hukikimbilia.

Constantia inatusaidia kuona jambo hili. Mashamba yake yako kwenye miteremko inayotazama ghuba ya False Bay, kilomita chache tu kutoka majini. Kiangazi, pepo za kusini-mashariki huvuma kutoka baharini na kupoza majani mchana kutwa. Zabibu inapoiva, sukari hupanda na uchachu hushuka. Uchachu huo kwa sehemu kubwa ni asidi ya maliki, ileile inayofanya tufaha bichi liume ulimi, na tunda huiteketeza lenyewe linapopumua. Kadiri joto linavyozidi ndivyo pumzi yake inavyokwenda mbio na asidi inavyoisha. Mahali penye upepo wa bahari tunda hupumua polepole, likachukua muda wake kuiva, na likaingia kwenye pipa likiwa bado na makali. Zabibu nyeupe ya Sauvignon Blanc ya Constantia hupata hapo ule ukali safi unaoamsha mate, pamoja na harufu ya majani mabichi na pilipili hoho, harufu ambayo jua kali lingeifuta. Shamba likisogezwa bara kwenye joto, mzabibu uleule utatoa divai nzito na laini, na hata mnywaji asiyejua lolote atahisi kwamba kuna kitu kimetoweka.

Sisi wa Lualaba tuna baridi yetu pia, lakini haitoki baharini. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai mtu hutoka Kapata kwenda mjini amejifunga shuka mabegani. Baridi ya kimo huja usiku na kuondoka na jua. Baridi ya bahari inashinda na tunda mchana wote. Hata neno "baridi", basi, lina mahali pake.

Sasa swali la mzee: udongo unaingia ndani ya divai? Hauingii, kwa namna watu wanavyofikiri. Wanywaji hupenda kusema wanaonja jiwe, chumvi au chokaa, lakini mzizi haunywi jiwe. Hunywa maji yenye madini kidogo sana yaliyoyeyuka, na madini hayo hayafiki kwenye ulimi kama ladha ya mwamba. Udongo hufanya kazi yake kwa kupitia maji na joto. Itale iliyooza, kama ile ya miteremko ya Constantia, huacha mvua ipite upesi, na mzabibu usiopata maji ya kubweteka hupunguza majani na kuzaa matunda madogo yenye nguvu. Udongo hauingii kwenye chupa. Unaulea mzabibu, unaunyima na kuupa, na sisi tunaonja malezi.

Jambo hili lisimshangaze mtu wa Katanga, maana vilima vyetu vilisema hivyohivyo kabla ya kampuni yoyote kufika. Kuna ua dogo la zambarau, la jamii ya mnanaa, ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense na watu wengi huliita ua la shaba. Huota kwa wingi kwenye udongo wenye shaba, ambako miti ya miombo inashindwa na kuacha uwazi wa majani mafupi. Watafutaji wa madini walilitumia kama kidole kinachoonyesha, na wanaakiolojia nao wamelifuata hadi kwenye mabaki ya tanuu za kale ambako wazee wetu waliyeyusha shaba. Ua hilo si shaba. Ukilitafuna hutaonja shaba. Lakini halidanganyi kuhusu ardhi iliyo chini yake. Nikilitazama naielewa terua kuliko nilivyoielewa kwa kamusi.

Kuna kitu kingine kinachounganisha vilima vyetu na mashamba yale, na sijaona kikisemwa kwa Kiswahili. Miaka ya 1870 ukungu mharibifu kutoka Marekani uliingia Ufaransa na kukausha majani ya mizabibu. Karibu na Bordeaux, mtaalamu wa mimea Alexis Millardet aligundua kwamba mizabibu ya kando ya barabara, iliyopakwa mchanganyiko wa chokaa na salfati ya shaba ili kuwatisha wezi wa zabibu, ndiyo iliyobaki na majani. Mwaka 1885 alitangaza dawa hiyo, na hadi leo inanyunyizwa duniani kote. Wanaoihitaji zaidi ni wakulima wa pwani zenye mvua. Baada ya miaka mingi ya kunyunyiza, shaba imejikusanya kwenye udongo wa mashamba ya zamani, kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kunyunyiza kilo 28 za shaba kwa hekta katika kila miaka saba. Basi terua si zawadi ya asili peke yake. Mkono wa mtu unaiandika upya, na katika wino wake kuna shaba.

Twende pwani nyingine kidogo, kwa sababu inaonyesha mkono huo kwa uwazi. Kaskazini-magharibi mwa Hispania, katika Galicia, bahari imeingia kwenye mabonde ya mito na kuyazamisha. Huko ndiko Rías Baixas, na divai yao nyeupe ni Albariño. Mvua ni nyingi, na majani yakilala chini yataoza. Wakulima wakasimamisha nguzo za itale, jiwe la palepale, wakatandaza mizabibu juu kama dari, kimo cha mtu na zaidi, ili upepo wa bahari upite chini na kukausha. Mvunaji husimama chini ya zabibu na kunyoosha mikono juu. Katika maji ya ghuba zilezile huning'inia kamba za kome chini ya majukwaa ya mbao, na watu hunywa Albariño pamoja na kome hao na samaki, uchachu wake ukifanya kazi ambayo kwetu limau au ndimu hufanya juu ya samaki. Jina la Rías Baixas lilipata ulinzi wa kisheria mwaka 1988, lakini mji wa Cambados ulikuwa umeshaanza sherehe yake ya Albariño tangu 1953. Watu walikuja kuonja kwanza. Sheria ikafuata.

Sasa tulipe neno hili Kiswahili chake.

Lugha yetu imewahi kuufungulia mzabibu mlango mara tatu. "Zabibu" ilitujia kwa Kiarabu, ambako maana yake ni tunda lililokaushwa. Pwani iliona tunda kavu likishushwa kutoka majahazini kabla ya kuliona bichi, ikatumia jina moja kwa yote mawili. "Mvinyo" ni vinho ya Wareno. "Divai" ni du vin ya Wafaransa, na hata leo ina harufu ya kanisa kuliko mwenzake. Kukopa si aibu, na "terua" ingeweza kuingia kwa mlango huohuo. Kwetu ambao Kifaransa ni lugha ya shule ingepita bila kizuizi. Lakini mkulima wa Dodoma angeipokea kama sauti tupu, na istilahi isiyompa mkulima chochote cha kushika inabaki mali ya wauzaji.

"Udongo" nimekwisha kuukataa. "Ardhi" ni pana lakini imekaa kimya, haina watu. "Mazingira" imechoshwa na semina. "Ladha ya mahali" inaeleweka mara moja, nami naikubali katika maelezo, ila inataja matokeo na kuacha sababu. Nilizunguka na maneno haya kwa majuma kadhaa, hadi nilipomsikia mama mmoja sokoni akimwambia mwenzake kwamba fulani ameshapata uenyeji wa mji huu. Nikasimama.

Mwenyeji ni mwenye mji. Kiswahili kimelipa neno hilo kazi tatu. Mwenyeji ni mtu wa mahali. Mwenyeji pia ni anayempokea mgeni. Na mtu akiwa na uenyeji wa jambo, analijua kwa kukaa nalo. Terua inataka yote matatu: zabibu iwe ya mahali, ipajue mahali kwa kukaa miaka, na ipokee wageni kwa niaba ya mahali. Kwa hiyo napendekeza "uenyeji wa zabibu", au "uenyeji" peke yake palipo na muktadha. Tunaweza kusema Sauvignon Blanc ina uenyeji Constantia. Tunaweza kusema divai hii haina uenyeji, imechanganywa kutoka mashamba kumi. Vitenzi vinakuja vyenyewe: mzabibu unapata uenyeji, unapoteza uenyeji, unadai uenyeji.

Lakini nikiandika neno hilo nikiwa Kolwezi siwezi kulipitisha kimya. Mwaka 1992 na 1993, katika mji huu na Likasi, swali la nani ni mwenyeji liliulizwa kwa mawe na moto. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapahapa kwa baba waliokuja kufanya kazi ya reli na ya migodi, walitolewa majumbani mwao. Walilala kwenye vituo vya gari moshi wakingoja treni, na wengi walifia njiani au palepale kituoni. Kapata kuna watu wanaokumbuka. Uenyeji ulikuwa panga.

Nilifikiri kuliacha neno kwa ajili hiyo. Kilichonizuia ni mzabibu wenyewe. Hakuna mzabibu wa kusini mwa Afrika ulio mwenyeji kwa damu. Sauvignon Blanc ni ya Ufaransa. Mashamba ya Constantia yalianzishwa na Simon van der Stel, mtawala wa kampuni ya Waholanzi, aliyepewa ardhi ile mwaka 1685, na waliopanda na kuvuna walikuwa watumwa, baadhi yao wametolewa Madagaska na Msumbiji. Uhuru wao haukukamilika hadi 1838, na hata baada ya hapo vibarua wa mashamba ya Cape waliendelea kulipwa sehemu ya ujira kwa divai, desturi iliyoacha ulevi katika familia vizazi na vizazi. Miaka ya 1960 sheria za ubaguzi ziliwaondoa Constantia watu ambao familia zao zililima pale muda mrefu. Chupa husifu upepo na itale, na watu hawa haiwataji. "Udongo" unaruhusu kimya hicho. "Uenyeji" hauruhusu, kwa sababu ukilitamka tu lazima mtu aulize: wa nani?

Na Kiswahili kina jibu la zamani kuhusu namna mgeni anavyokuwa mwenyeji: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzabibu umepewa jembe. Mtumwa wa Msumbiji alishikishwa jembe kwa nguvu. Mkasai wa Kolwezi alishika sururu. Uenyeji ninaoutetea hapa ni huo wa jembe, na nauandika nikijua kuna watakaoupinga.

Ushahidi wake uko Dodoma. Huko hakuna bahari wala ubaridi wa Atlantiki. Ni nyanda kavu, kimo cha zaidi ya mita 1,100, jua kali na mvua haba. Wamisionari Wakatoliki walipeleka mizabibu miaka ya 1950, divai ikihitajika kwa misa, na vitabu vyote vya Ulaya vingesema haitafaa. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, wakulima walijifunza kuulaza wenyewe: wanapogoa mara mbili, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimekaa na jambo hilo kwa miongo kadhaa, na aina moja ya zabibu nyekundu imechukua hata jina la Makutupora. Kwa divai nyeupe wanalima Chenin Blanc, zabibu ya bonde la Loire ambayo pia ndiyo inayolimwa zaidi Afrika Kusini. Inafaa kwa sababu imezaliwa na uchachu mwingi. Joto la Dodoma likila sehemu, bado kinabaki cha kutosha kuamsha kinywa. Mkulima wa Hombolo anayejua siku gani akate tawi ili mvua isikute maua ana uenyeji ambao hakuna mashine ya kuupima.

Upande wa wageni nao una historia. Mwaka 1971 wakulima wa Stellenbosch waliunganisha mashamba yao kuwa njia moja ya kutembelewa, ya kwanza Afrika Kusini, na miaka miwili baadaye nchi ikaweka mfumo wa sheria wa asili ya divai: ukiandika jina la mahali kwenye chupa, zabibu zote ziwe zimetoka mahali hapo. Watu huita shughuli hii utalii wa divai. Mgeni anatembezwa kwenye mistari ya mizabibu, anashika udongo, anahisi upepo shingoni, ndipo anamiminiwa. Ladha haijabadilika, ila sasa ana cha kuiegemeza. Kwa neno letu jambo linakuwa wazi zaidi: amekaribishwa na mwenyeji.

Hapo ndipo roho yangu inaumia kuhusu Lualaba. Kutoka kwenye mashimo, jiwe la kijani au jeusi hupelekwa kwenye maghala ya Musompo, likapimwa kwa mashine teneur yake, kiwango cha madini ndani yake, kisha likamwagwa pamoja na mawe ya vilima vingine. Kiwandani linasafishwa hadi liwe katodi ya shaba ya asilimia 99.99. Kazi yote ya kiwanda ni kuondoa kilima ndani ya shaba. Kazi yote ya mtengeneza divai ni kukibakiza kilima ndani ya chupa. Kwa hiyo mnywaji wa London anaweza kutaja mteremko wa Constantia, lakini hawezi kutaja Kapata, ingawa simu iliyo mkononi mwake huenda imebeba kobalti iliyooshwa kwenye maji ya ziwa Malo, umbali mfupi kutoka nilipokaa. Wapo watu wanaotoa jasho hapa ambao mahali pao hapajawahi kuandikwa nyuma ya kitu chochote.

Nilimrudia mzee na maelezo haya baada ya majuma mengi. Nilimkuta nyumbani kwa binti yake, mbele yake kuna ndoo ya kinywaji cha munkoyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza hata kwenye habari za 1992, ambazo anazijua kuliko mimi. Kisha akachota kikombe, akanipa.

"Onja kwanza."

Nikaonja. Ulikuwa na uchachu mdogo, uji mwepesi wa mahindi, na nyuma yake harufu ya mzizi, kama ya mti uliokatwa asubuhi. Akaniambia mizizi imechimbwa upande wa Mutshatsha, kwamba ile ya huku karibu na mashimo hawaitumii tena, na kwamba mama mkwe wa binti yake ndiye anayejua kiasi cha kutia. Alitaja njia ya kufika kwa huyo mama, daraja, mwembe, mlango wa bluu.

"Njo uenyeji?"

"Njo yenyewe, papa."

Akanijazia tena kikombe.